Sifa za Barua Impendayo Mchoraji

Washairi wetu wamewasifu masultani, majahazi na wanawake wazuri. Lakini hajatokea hata mmoja, kwa kadiri nijuavyo, aliyeisifu ile barua imfikiayo mchoraji asiye na jina, ikamwarifu kwa taadhima kubwa kwamba kamati teule ya jumba fulani la sanaa la katikati ya London imezitazama kazi zake, ikastaajabu, na inamwomba afanye hisani akubali kuzitundika mbele ya wanunuzi wa dunia nzima. Sisi wachoraji wa Afrika Mashariki tukaao hapa Hounslow, tuchorao vyumbani huku ndege ziteremkazo Heathrow zikipita juu ya mapaa yetu, barua hiyo hutufikia mara nyingi kuliko za jamaa zetu, na deni la kuisifu limekwisha nielemea.

Fadhila yake iliyo kuu ni basira. Mwanadamu wa kawaida hawezi kuihukumu picha mpaka aione. Barua hii haifungwi na masharti duni kama hayo. Mimi huchora kwa makaa, weusi juu ya karatasi nyeupe, wala sina rangi nyumbani ila iliyobaki nilipopaka mlango. Nayo ikanisifu kwa "ujasiri wa rangi zangu". Nilipotafakari nikatambua kuwa imeziona rangi ambazo sijazitumia, na pengine sitazitumia mpaka nife, na kwamba waandishi wake wamejaaliwa elimu ya ghaibu waliyonyimwa wahakiki wote waliotangulia. Jirani yangu afinyangaye vyungu alisifiwa kwa wepesi wa brashi yake. Mwenzetu mmoja, Mungu amrehemu, alialikwa baada ya kuzikwa, akiitwa "kipaji chenye mustakabali mwema", neno ambalo sisi tuiaminio akhera hatuna ruhusa ya kulikanusha.

Ina saburi pia, kwani ukiikataa hurudi. Ina iktisadi: waraka mmoja huwatosha watu wote. Na ina haya, maana bei huitaja mwisho kabisa, kwa herufi ndogo zilizoinamisha vichwa: pauni 600 kwa kila mita ya ukuta, bima na uchukuzi juu ya mchoraji, na picha ikiuzwa, nusu ya bei kwa jumba.

Nusu! Jumba la haki nalo aghlabu huchukua nusu, lakini halichukui kitu mpaka liuze, kwa hiyo hutoka likatafuta wanunuzi. Mwenye barua hii amekwisha lipwa kabla mlango haujafunguliwa. Ana haja gani ya kuuza? Mteja wake ni mchoraji mwenyewe, na jioni ya ufunguzi waliomo ukumbini ni wachoraji wengine waliolipa kama yeye, kila mmoja amesimama kando ya mita yake akingoja tajiri aingie.

Katika wilaya yetu hii hii, kule Chiswick, ingalipo nyumba ya mchoraji William Hogarth, aliyoishika mwaka 1749 na kuwa nayo hadi kufa kwake mwaka 1764. Naye aliwajua madalali: picha ya kwanza aliyoichapa na kuiuza mwenyewe, mwaka 1724, waliinakili wakaiuza kwa bei ya chini. Hakunyamaza, yeye na wenzake walilishitakia Bunge mpaka ikapatikana sheria ya mwaka 1735, iliyomlinda mchongaji wa picha za kuchapwa kwa miaka 14, na mfululizo wake wa picha juu ya kijana mpotevu akauzuia usitoke mpaka sheria ianze kazi. Wakubwa wamemlipa kwa kulipa zunguko la magari jina lake. Lakini sheria ile ilimkusudia dalali aibaye; haikumwazia dalali alipwaye na yule yule amwibiaye.

Na kwa nini mtu mwenye akili timamu alipe? Kwa sababu fomu za ruzuku, zitungwazo na mabwana wasiopata kununua hata kitambaa cha kuchorea, humwuliza kijana ameonyesha wapi, wala hazimwulizi nani alilipa. Na kwa sababu majumba yenye heshima humwambia arudi akiisha julikana, ikiwa yatajibu. Sisi jamaa zake nasi hatuko nyuma: twaja siku ya ufunguzi, twala sambusa, twapiga picha mbele ya picha, kisha twaondoka bila kuuliza bei.

Apendaye kuiudhi barua hii hana kazi ngumu. Na aombe majina ya waliotundika kazi mwaka uliopita, akawaulize walichouza na kama walilipwa. Na adai hati ya amana yenye kuorodhesha kila picha, kipimo chake na bei yake, siku ya malipo, na tamko kwamba picha ni mali ya mchoraji mpaka inunuliwe. Mimi niliyapeleka maswali hayo kwa adabu zote, nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba kamati inasikitika, nafasi yangu amekwisha pewa msanii mwingine. Ningalijua akaako, ningalimpelekea nakala.