Barua ya Wazi kwa Kikao cha Ukoo Kilichoketi Kumwokoa Binti na Unesi

Kwa Mwenyekiti (Baba Mkubwa),
Kikao cha Ukoo cha Masomo, Ndoa na Mengineyo,
Sebuleni, kwenye makochi ya wageni.

YAH: PONGEZI KWA KUMZUIA BINTI YETU ASIWE NESI

Shikamooni wote mnaostahili shikamoo. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeusoma muhtasari wa kikao aliousambaza Shangazi Katibu. Nimeona kwamba ajenda ya matokeo ya binti ya kidato cha nne ilichukua muda mrefu kuliko ile ya shamba linalogombewa, jambo ambalo halijapata kutokea katika ukoo huu. Nimeyaona na maazimio: kwamba binti amefaulu vizuri mno kuwa nesi, hivyo asomee udaktari, kwamba nesi hadumu kwenye ndoa kwa sababu halali nyumbani, na kwamba mimi nisialikwe, kwa kuwa ndimi niliyemharibu.

Nikiwa muuguzi mwenye leseni, tena mwanamume, hali ambayo kikao kimekuwa kikiisikitikia tangu nilipoingia chuo, ninayaunga mkono maazimio yote. Ninaandika kupongeza tu, na kupendekeza yatekelezwe bila kuishia njiani.

Baba Mkubwa alisema unesi ni wa waliokosa udaktari. Kweli kabisa. Ndiyo maana vyuo vinadai ufaulu wa Baiolojia na Kemia: wasiojua sayansi lazima wapate pa kujificha. Huko mafichoni kazi ni nyepesi. Mgonjwa ameandikiwa dripu ya lita moja iishe kwa saa 8, na mpira uliopo unatoa matone 20 kwa kila mililita. Yule aliyekosa udaktari anatakiwa kujua kwamba hayo ni matone 42 kwa dakika, ayahesabu kwa saa yake, saa tisa usiku, huku kitanda cha pili kinatapika na cha nne kinauliza ndugu zake watafika saa ngapi.

Akitoka hapo anakwenda kwa mama mwenye kifafa cha mimba, anayepewa magnesiamu salfeti. Dawa hiyo inazuia degedege, na ikizidi mwilini inazuia pumzi. Kwa hiyo kabla ya kila dozi nyingine nesi anagonga goti aone kama mguu unaruka, anahesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, anaangalia kwenye mfuko kama mkojo umefika angalau mililita 30 kwa saa. Pembeni ameweka tayari dawa ya kuizima ile ya kwanza mambo yakiharibika. Mwenye kuyatazama haya kutoka dirishani ataona dada mmoja anatembeatembea wodini na kijiti cha kugongea magoti. Kikao kiliketi dirishani.

Mjomba naye aliongeza kwamba nesi ni msaidizi wa daktari. Tumeshamsamehe, maana filamu zetu zimemfundisha hivyo: nesi anaingia, anasema "Dokta, mgonjwa amezinduka!", anatoka, na filamu haimwoni tena. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 haikupata nafasi ya kuigiza. Ingepata, Mjomba angejua kwamba wauguzi na wakunga wana Baraza lao linalowasajili, linalowapa leseni na linaloweza kuwanyang'anya. Daktari aliyekesha chumba cha upasuaji anaweza, kwa uchovu wa haki kabisa, kuandika dozi ya mtu mzima kwenye faili la mtoto wa kilo 9. Anayesoma faili, akaweka sindano chini, akapiga simu na kusema "hii sitoi," ni yule msaidizi. Kikao kikiona huo ni utovu wa adabu, kiazimie tuwe tunatoa tu, kwa kuheshimu ngazi.

Kuna na jambo lililofanyika hapa hapa nchini ambalo mngelizuia mapema kama mngearifiwa. Katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, watu wa leba, wengi wao wakunga, walipewa midoli ya mazoezi na vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni. Wakawa wanafanya mazoezi mafupi mara kwa mara hapo hapo kazini: namna ya kumfanya mtoto mchanga avute pumzi, namna ya kumzuia mama asivuje damu akaisha. Uzazi wa zaidi ya kina mama 250,000 ukafuatiliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40, na vya kina mama kwa takriban asilimia 75. Watu wazima wanalipwa mshahara wa serikali wacheze na midoli. Ninaelewa kwa nini mzazi hataki mwanawe aishie huko.

Hata hivyo, kwenye lile azimio la udaktari kuna tundu, na ningependa lizibwe kabla binti hajajazishwa fomu. Mnataka awe daktari ili aheshimiwe. Mimi nikiingia wodini na sare yangu, wagonjwa wote huniita dokta. Nikiwaambia mimi ni muuguzi hucheka kwa upole, kama mtu aliyeambiwa utani na mkubwa wake. Nyuma yangu anaingia daktari bingwa, mwanamke, koti jeupe, jina limeandikwa kifuani, na mzee wa kitanda cha kwanza anamwambia, "Sista, hebu niletee bakuli, halafu muite yule dokta." Dokta ni mimi. Tumekwisha kuzoea: yeye anaagiza, mimi natekeleza, na shukrani zinaletwa kwangu pamoja na kuku. Kwa hiyo Baba Mkubwa aambiwe mapema. Binti akisoma udaktari miaka yote hiyo, akabobea, akarudi na shahada mbili, bado ataitwa nesi. Njia ya uhakika ya kuitwa daktari katika nchi hii ni kuzaliwa mwanamume na kuvaa kitu cheupe.

Azimio la ndoa sitalijadili sana. Nesi halali nyumbani, ni kweli. Zamu ya usiku haina ujanja. Ila Mjomba ni dereva wa malori, amepata kulala Tunduma wiki nzima akisubiri foleni ya mpakani isogee, na sikumbuki kikao kuketi kuijadili ndoa yake. Labda malori yana stara kuliko wodi.

Shangazi ndiye pekee aliyetutetea, na utetezi wake ndio ulioniumiza zaidi. Alisema, kwa mujibu wa muhtasari wake mwenyewe: tuwaonee huruma, kazi yao ni wito. Neno hilo tunalifahamu. Hutolewa kabatini tunapouliza posho ya sare, hurudi tunapouliza malipo ya saa za ziada, na kila mwaka tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tunawashiwa nalo mishumaa. Mgeni rasmi hulisema, sisi tunapiga makofi, anaondoka na msafara. Nimewahi kuupeleka wito wangu dukani kwa Mangi ili nichukue unga. Aliupokea kwa heshima zote, kisha akauandika kwenye daftari la madeni.

Mwanamke tunayemwashia mishumaa, kwa taarifa ya kikao, naye alikalishiwa kikao. Florence Nightingale alizaliwa mwaka 1820 katika ukoo wa Waingereza wenye mali, na aliposema anataka kuuguza wagonjwa, wazazi na dada yake waliona ameingiwa na wazimu, kwa kuwa wakati huo kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya wanawake wa hali ya chini. Walimzuia kwa miaka. Alikuwa na miaka 31 alipoweza hatimaye kwenda Kaiserswerth, Ujerumani, kupata mafunzo. Kisha vikaja Vita vya Crimea na hospitali ya Scutari, na hapo ndipo dunia ikamkumbuka kwa taa. Taa ni nzuri kwa picha. Lililowakosesha raha wakubwa wa jeshi ni hesabu: alipanga takwimu za vifo na kuzichora, ikaonekana wazi kwamba maradhi yanayozuilika yalikuwa yameua askari wengi kuliko majeraha ya vita. Mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia Jumuiya ya Takwimu ya London. Hata kile kiapo cha wauguzi chenye jina lake hakukitunga yeye. Kilitungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893. Sisi tumechukua taa na kiapo, takwimu tukawaachia wenyewe. Mimi ningebadilishana: mgeni rasmi abaki na mshumaa, atusomee idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi wa zamu ya usiku.

Mama Mdogo alisema manesi wana mdomo. Hapo kejeli naiweka chini, kwa sababu amesema kweli. Wapo wenzetu wanaomfokea mwanamke aliye katika uchungu, wanamsimanga kwa umri wake au kwa nguo alizofungasha, na baadhi yao ni hodari sana wa kazi. Najua zamu zinavyochosha. Najua mtu mmoja anaposimamia wodi nzima, subira inakuwa kitu cha kwanza kuisha. Lakini yule mwanamke hakuipanga ratiba ya zamu, na lile neno atakuwa nalo mpaka mwanawe aende shule. Mama Mdogo ana haki ya kukasirika, na ana haki ya kulalamika kwa muuguzi mfawidhi na hata kwa Baraza. Kinachonishinda ni hitimisho lake, kwamba kwa sababu baadhi ya manesi wana mdomo, basi binti yetu mwenye adabu aende kusomea kitu kingine.

Halafu kuna hoja moja ambayo Katibu hakuiandika. Nimeisikia kwa aliyekuwepo. Binamu aliinua mkono akauliza: akimaliza, ajira ataipata? Inasemekana aliambiwa asilete mkosi. Na huyo ndiye aliyeuliza la maana. Tunao wauguzi waliohitimu, wana leseni, wamekaa nyumbani wakifungua na kufunga mfumo wa maombi ya ajira. Wengine wanajitolea kwenye zahanati kwa nauli ya bodaboda. Na tunazo wodi zinazowahitaji, pengine umbali wa kituo kimoja cha daladala. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 dunia ilipungukiwa wauguzi wapatao milioni 5.8, na nchi tajiri zinachukua wa kwetu, wanaondoka na vyeti vilivyosomewa kwa pesa za ng'ombe wa hapa. Kama kikao kingelikesha juu ya hilo, ningechangia sukari ya chai.

Sasa utekelezaji. Azimio likishasema kazi hii haina maana, ni haki isitumike. Napendekeza kuanzia saa sita usiku wa leo mjumbe yeyote asinipigie kuuliza kama dawa ya njano inamezwa kabla au baada ya kula. Picha za vipele zisitumwe tena kwenye simu yangu, hasa zile zisizo na maelezo ni za sehemu gani ya mwili. Mashine ya presha irudi kwangu. Baba Mkubwa, ambaye huja kuchomwa sindano zake kwangu ili asipange foleni, awe anamsubiri daktari, maana nesi ni wa waliofeli na hawezi kukabidhiwa tako la mwenyekiti. Na atakapolazwa mmoja wetu, ukoo usinitume tena nikaongee na "watu wako" ili apate kitanda cha dirishani.

Taarifa ya mwisho. Dirisha la maombi ya vyuo vya afya lilipofunguliwa, binti alijaza maombi yake mwenyewe: Uuguzi na Ukunga, chaguo la kwanza, la pili na la tatu. Alitumia simu ya Baba Mkubwa kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na bando. Ujumbe wa kuthibitisha utaingia kwenye namba hiyo. Tunaomba asiufute.

Naomba kuwasilisha.

Kijana wenu,
Muuguzi (zamu ya usiku)

Nakala:
Bibi, ambaye hana simu janja, nitamsomea.
Kundi la WhatsApp la ukoo. Tafadhali msijibu kwa picha za maua.