Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya kuziamsha fukwe

Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUJA KUZINDUA UFUKWE USIO NA KITU, KISIWA CHA JUANI, MAFIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kila nikifungua redio nakusikia ukisema fukwe zetu zimelala, na kwamba wakati umefika wa kuziamsha ili wananchi wachangamkie fursa. Nimekuelewa vizuri. Ila upo ufukwe mmoja ambao nimeona nikuandikie mapema, kabla msafara haujajaza mafuta, kwa maana nahofia ukifika hutaona pa kufunga utepe.

Uko upande wa mashariki wa Juani, unatazama bahari kuu, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Hifadhi hiyo ilianzishwa 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, na ina kilomita za mraba 822, sehemu kubwa ikiwa maji. Kufika si kazi kubwa kwa mtu asiye na haraka. Ukitoka Kilindoni unafuata lami hadi Utende, njiani unalipa getini kama sisi wengine, halafu unapanda mashua kuvuka Ghuba ya Chole maji yakiwa yamejaa. Yakiwa yamepwa, Mheshimiwa, king'ora hakisaidii. Mtashuka wote kwenye matope ya mikoko, viatu mkononi, wewe na katibu wako na yule kijana wa kamera. Baada ya hapo mnakata kisiwa kwa miguu, kwenye njia ya vichaka na mawe makali ya matumbawe, na mawimbi mtayasikia muda mrefu kabla ya kuyaona.

Hapo ndipo aibu inapoanza. Hakuna geti. Hakuna mwamvuli wenye nembo ya kampuni ya simu, wala spika, wala bango la kumkaribisha mtu yeyote. Kuna mwamba huku na mwamba kule, umeliwa na maji kwa chini mpaka umefanya kibaraza, na katikati yake mchanga. Basi. Usafi nao usije ukausifia sana kwenye hotuba: bahari hutuletea chupa na kandambili za mguu mmoja kutoka nchi ambazo hazijawahi kutuomba viza.

Kibaya zaidi, ufukwe umevamiwa. Kasa wanapanda usiku bila kibali, wanachimba ardhi bila tathmini ya athari kwa mazingira, wanafukia mayai mia moja na zaidi, kisha wanarudi baharini bila kuacha hata namba ya simu. Miezi kama miwili baadaye watoto wao wanachomoza mchangani na kuelekea majini. Hawana ramani. Wanachofuata ni upande wenye mwanga zaidi, na usiku, mahali pasipo na umeme, upande huo ni bahari.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo mradi wako wa taa za sola unapoingia. Nguzo moja tu ikisimama juu ya ule mchanga, kifaranga atageuka na kuifuata taa. Atazunguka chini yake mpaka kupambazuke, na kunguru na kaa wamalizie kazi. Mpango wa kufyeka vichaka ili mandhari yaonekane nao una mambo yake. Mchanga uliokosa kivuli huwa wa moto, na mayai ya kasa yakilala kwenye mchanga wa moto hutoa majike watupu. Madume huhitaji ubaridi kidogo. Kwa panga moja la halmashauri utakuwa umepanga uzazi wa bahari nzima, jambo ambalo hata kliniki zetu za uzazi wa mpango hazijaliweza.

Usije ukadhani pale hapana uongozi. Yupo mlinzi wa viota, mtu wa Juani, mwenye daftari la shule lililochanika jalada, na ndani yake tarehe ya kila kiota. Mchana wa kutolewa vifaranga waliobaki shimoni, huchora mstari mchangani kwa fimbo na wageni wote husimama nyuma yake, wenye dola na wenye madafu sawasawa. Hupiga magoti akachambua mchanga kwa vidole kama mtu anayechagua mchele. Siku niliyokuwepo mimi, kilitokea kipezi cheusi, kichwa, halafu mwili usiozidi kiganja. Mgeni mmoja akainua simu na taa yake. Mlinzi akasema, "Zima, bwana," wala hakupaza sauti. Kifaranga akatambaa hadi kwenye unyayo ambao mmoja wetu alikuwa ameuacha karibu na maji, akatumbukia humo na kubaki anapapatika, maana kwake lile lilikuwa bonde. Mlinzi hakumbeba. Alisogea, akasawazisha ukingo wa unyayo kwa kiganja, akarudi nyuma. Katika shughuli zote za kuendeleza utalii nilizowahi kushuhudia, na semina nimehudhuria, sijaona iliyofanywa kwa ufanisi kiasi hicho na kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Sasa nifike kwenye ombi. Kwa kuwa wewe ni mtu wa kuzindua, na pale hapana kilichojengwa, nashauri uje uzindue yale ambayo hayajafanyika. Orodha ni ndefu na wahusika wako hai. Wako waliolaza juya zao. Wako wanaopita juu ya mwamba wa Kitutia, ambako kuvua ni marufuku, wakawatazama wageni wakizamia kutazama samaki ambao wao hawaruhusiwi kuwagusa. Hifadhi ilipokuwa inaanzishwa, wavuvi wa visiwa hivi walikuwa wamechoshwa na milio ya baruti ya waliokuja kuvua kwa mabomu, na wengi waliiunga mkono kwa sababu hiyo. Baadaye masharti yakawageukia wao wenyewe. Watu wa kisiwa cha Jibondo walibishana nayo miaka mingi, na mimi siwezi kuwalaumu. Anayevumilia njaa ya leo ili matumbawe yabaki amefanya kazi, hata kama kazi yake haionekani kwenye picha. Hao ndio wawekezaji wa ufukwe ule. Sijasikia ukiwataja hivyo. Neno hilo naona umelitunza kwa ajili ya watu wanaokuja na ndege.

Utepe usilete, kifaranga atanasa. Jiwe la msingi pia liache, ila kama utaweza kulibeba mwenyewe kichwani kutoka mashuani. Hotuba iwe fupi, kwa sababu maji hayamsubiri mgeni rasmi. Na kuhusu sherehe za uzinduzi kwa jumla, wazee wa Mafia wana masimulizi yao. Zamani miji ya Kua na Kisimani ilialikana kwenye kuteremsha jahazi jipya majini. Wenyeji wakawachukua watoto wa wageni wao, wakawafunga, wakawalaza kwenye njia ya jahazi, na jahazi likapita juu yao. Miaka kadhaa baadaye kisasi kikalipwa kwa karamu. Leo Kua ni magofu hapo hapo Juani, Wasakalava kutoka Madagaska waliumaliza mji karne ya 19, na Kisimani imeliwa na bahari. Sisemi kwamba kuzindua ni nuksi. Nasema huku tunapoalikwa kwenye uzinduzi, kwanza huwa tunauliza watoto watakaa wapi.

Ninachoomba kwa maandishi ni kidogo. Taa ziishie Utende. Posho ya siku moja ya msafara wako, ile ya kulala pamoja na ile ya kikao, ibaki Juani kwa walinzi wa viota, ambao daftari lao linahitaji jalada na wao wanahitaji mshahara. Na yeyote atakayekuletea mchoro wa hoteli ya pale, wenye miamvuli na njia ya magari, umwambie aupeleke kwanza kwenye mkutano wa kijiji, auoneshe kwa Kiswahili, asubiri kujibiwa, na jibu likiwa hapana aliandike hivyo hivyo kwenye ripoti.

Naomba majibu mapema. Safari hii ukija, panda mashua ya kawaida na ulipe nauli.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mgeni aliyelipa getini