Namna ya Kuwa Kocha wa Taifa Ukiwa Mzawa

Umestaafu. Goti lako linatabiri masika kabla ya watu wa hali ya hewa, vijana wa Mbegani, Bagamoyo, wanakuamkia shikamoo katikati ya mechi, na juzi beki alikuomba radhi kabla ya kukupokonya mpira. Dalili zimetimia: sasa uwe kocha. Fuata hatua hizi.

1. Nunua filimbi. Leseni ya CAF nayo itafute, maana mzawa huulizwa vyeti kabla ya salamu. Ukiwa na jina, afadhali zaidi. Charles Boniface Mkwasa alikuwa kiungo wa Yanga na Taifa Stars, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia hajui mpira.

2. Subiri mgeni aharibu. Kazi hii huombi, unaitwa ghafla. Juni 2015 Uganda iliichapa Stars 3-0 kule Zanzibar. Mholanzi Mart Nooij akaondoka, Mkwasa akaitwa. Januari 2024 CAF ilimfungia kocha wa Stars, Adel Amrouche, katikati ya fainali za Afrika kule Ivory Coast. Akaitwa Hemed Suleiman, maarufu kama Morocco. Cheo kitaanza na neno "kaimu". Lizoee. Kwa mtu wa Mbegani kusubiri si tatizo: jiwe la msingi la bandari yetu liliwekwa Oktoba 2015, na meli tunaendelea kuzitazamia.

3. Fuzu, lakini usipange nguo. Hapa ndipo wengi hukosea. Joel Bendera ndiye anayekumbukwa kwa kuivusha Stars kwenda fainali za Afrika za 1980. Timu ilipotua Lagos, kocha mkuu alikuwa Mpolandi, Slawomir Wolk. Ukidhani hayo ni ya kale, tazama Novemba 2024: Morocco aliifunga Guinea 1-0 pale kwa Mkapa, Stars ikafuzu fainali zilizochezwa nchini Morocco. Mwaka mmoja baadaye, fainali zikiwa zimebaki wiki chache, mkataba wake ulivunjwa "kwa makubaliano ya pande zote mbili", na timu akapewa Muargentina Miguel Gamondi. Hivyo Morocco akaipeleka timu Morocco, yeye akabaki. Ukilalamika utaambiwa Gamondi aliifikisha Stars hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza. Ni kweli. Usikumbushe kwamba haikushinda mechi hata moja. Utaonekana una wivu.

4. Usitegemee kombe. Marehemu Benjamin Ayimba, nahodha wa zamani wa Kenya katika raga ya wachezaji saba, aliifikisha timu yake nusu fainali ya Kombe la Dunia huko Dubai mwaka 2009. Aprili 2016 akatwaa taji la Singapore kwa kuikung'uta Fiji 30-7, taji la kwanza la Kenya katika mfululizo wa dunia. Agosti mambo yakaharibika kwenye Olimpiki ya Rio. Kabla ya mwaka kwisha, kiti kilikuwa cha mwingine.

5. Jifariji na Wales. Huko raga ni kama dini, wazee wenye kuijua wamejaa kila kijiji. Hata hivyo, tangu mwishoni mwa 2007 walipokezana Wanyuzilandi: Warren Gatland, Wayne Pivac, kisha Gatland tena. Mwaka 2025, baada ya msururu mrefu wa vipigo, wakamkumbuka Steve Tandy, mwana wa nyumbani aliyewahi kuichezea klabu ya Ospreys. Mzawa hukabidhiwa nyumba ikishaungua.

6. Soma mkataba. Hatua hii haina mzaha. Kabla ya kutia saini, dai kipengele kimoja: atakayeifuzisha timu ndiye atakayekaa nayo benchi kwenye fainali, na akishindwa huko, afukuzwe huko. Wakikikataa, rudi Mbegani ukafundishe watoto. Malipo ni madogo, lakini hakuna Mpolandi atakayekuja kuichukua timu yako siku ya fainali.