Paswedi Yako Siijui, Dada

Ofisini kwetu kila mtu anaamini kwamba najua paswedi yake. Mhasibu anaamini, dereva anaamini, na mkurugenzi ndiye anayeamini kuliko wote. Wapo wanaonisalimia kwa kushusha macho, hasa wale walioweka majina ya watu wasiofahamika nyumbani kwao.

Na mimi siijui hata moja. Seva yetu ya ripoti ni ya Apache, na mlangoni pake kuna faili la maandishi matupu liitwalo .htpasswd. Kila mtu ana mstari wake: jina, nukta mbili, halafu mkururo wa herufi na tarakimu usio na kichwa wala miguu. Mkururo huo si paswedi, ni unga wake. Paswedi ilishasagwa, na hakuna kinu duniani kinachorudisha unga uwe mahindi. Ukitaka kuingia, seva inasaga ulichoandika muda huo, inalinganisha unga na unga. Ukifanana, karibu ndani. Usipofanana, kile kisanduku cha paswedi kinarudi kukuuliza upya, bila pole.

Hayo yote nilimweleza mhasibu kwa utulivu. Alisikiliza, akaitikia "ehee" pale panapostahili, kisha akasema:

"Sawa kaka, nimekuelewa. Sasa niangalizie tu, yangu ilikuwa ipi?"

"Dada, haionekani."

"Hata kwako?"

"Hata kwangu."

"Sasa wewe hapa unalipwa kwa kazi gani?"

Wakati mwingine nawaonea wivu wazee waliotangulia. Kule MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Fernando Corbató na wenzake walikuwa na mfumo wa CTSS, watu wengi wakigawana kompyuta moja, na paswedi zao zikikaa wazi failini. Mtafiti mmoja, Allan Scherr, aliona saa alizopangiwa hazimtoshi, akaomba faili hilo lichapishwe, nalo likachapishwa. Baadaye ikatokea hitilafu, faili la paswedi likakaa mahali pa tangazo la siku, na kila aliyeingia akakaribishwa na paswedi za wenzake wote. Fedheha, ndiyo. Lakini mtunza faili wa enzi hizo angeulizwa swali na mhasibu, angekuwa na jibu.

Ubaya mwingine ni kwamba faili hili halimruhusu mtu kubadilisha paswedi yake mwenyewe akiwa mezani kwake. Lazima aje kwangu. Namwachia kiti, naita amri ya htpasswd, kisha nageukia ukutani kusoma kalenda, ili nisione. Hapo ndipo sarakasi inapoanza. Amri ile haionyeshi kitu mtu anapoandika, hata kanyota kamoja.

"Kibodi yako imekufa hii."

"Andika tu mzee, inapokea."

"Haiandiki!"

Basi, ili awe na hakika, anaamua kuitamka paswedi herufi moja moja huku akibonyeza, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya waliofaulu. Ikishaisha, mashine inamtaka airudie, naye anairudia, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Masijala nzima inasikia. Mimi nimegeukia ukutani.

Halafu amri hiyo ina alama ya -c. Kazi yake ni kutengeneza faili jipya, na ikikuta lipo la zamani inalifuta na kuanza upya, haiulizi "una hakika?" wala nini. Kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo aliitumia alipomwandikisha mhudumu mpya. Asubuhi yake, mtu pekee katika taasisi nzima aliyeweza kufungua ripoti za fedha alikuwa huyo mhudumu, ambaye hata chumba cha kuchemshia chai alikuwa bado hajaonyeshwa. Nililirudisha faili kutoka kwenye nakala ya akiba kabla chai haijachemka, lakini mpaka leo ninapopita koridoni nasikia, "Huyo ndiye aliyetufungia nje."

Mkurugenzi yeye alikuwa na paswedi ndefu anayojivunia, sentensi kamili yenye kiima na kiarifu. Kumbe mstari wake ulisagwa zamani kwa mtindo wa crypt, ambao husoma herufi nane za mwanzo tu, zinazobaki unazitupa. Miaka yote hiyo alikuwa akivichosha vidole bure. Nilipomwambia, alikaa kimya kidogo, akaniuliza kama nimemwambia mtu mwingine.

Dawa ni kuhamia mtindo wa bcrypt, unaweka -B tu. Huo unasaga taratibu kwa makusudi ili mwizi anayebahatisha achoke, na unafika baiti 72, urefu ambao hata sentensi ya bosi haiufikii. (HTTPS tunayo tayari, kwa sababu bila hiyo kivinjari kinarusha paswedi mtandaoni kwa Base64, jambo ambalo mtoto wa sekondari anaweza kulifumbua.) Ila unga wa zamani hauwezi kusagwa ukawa unga mpya. Lazima kila mtu aje tena kwenye kiti changu, na mimi nirudi kwenye kalenda.

Foleni ilichukua siku nzima. Wa mwisho alipoondoka, kila mstari ulikuwa umesagwa kwa bcrypt, nikajisikia nimefanya kazi ya maana. Jioni ikaja barua ya ndani kutoka kwa mkurugenzi. Ili usumbufu huu usijirudie, kila mtumishi anatakiwa aiandike paswedi yake mpya kwenye karatasi na kuiwasilisha masijala ikahifadhiwe. Jalada limeshafunguliwa, lina muhuri mwekundu wa SIRI, na nilipokwenda kulitafuta nikaambiwa kuna mtu ameliazima.