Sifa za Tiketi ya Kuungaunga

Tiketi ya kuungaunga haina mtetezi. Mtanzania wa London anayetafuta safari ya Krismasi huanza kwa maringo: kituo kimoja tu, kusubiri kusizidi saa tatu. Bei zikijitokeza huguna, akalegeza masharti kimyakimya, na hapo ndipo shujaa wetu anapoibuka kutoka chini kabisa ya orodha: safari ya saa 27, usiku mzima wa kusubiri ukiwamo ndani.

Anasimangwa bure. British Airways iliacha kutua Dar es Salaam mwaka 2013, kwa hiyo huyo Mtanzania atapitia kwa watu tu, apende asipende. Mkenya wa New York ndiye mwenye pa kuringia: tangu Oktoba 2018 Kenya Airways humtoa JFK hadi Nairobi bila kugusa ardhi, saa 14 hivi. Pole yake. Saa zote hizo goti limegota kiti cha mbele, na hapati hata duka la manukato ya kuwalainisha mashemeji.

Mwenzake wa kuungaunga yuko uwanja wa ndege wa Bole, Addis Ababa, ananyoosha miguu. Ratiba ukutani zinafuata saa za kizungu, lakini akizungumza na muuza kahawa atagundua kwamba Waethiopia huhesabu saa kuanzia alfajiri, vilevile kama kwao: saa moja asubuhi ni saa moja asubuhi. Kwa miaka mingi ughaibuni amekuwa akijumlisha sita na kutoa sita kila mama anapopiga simu. Hapa hesabu inaisha, na hata Dar hajafika. Isitoshe, kalenda ya Ethiopia iko nyuma kwa miaka saba au minane. Ni kituo gani kingine kinachomrudishia abiria ujana bila kumtoza?

Doha nako kuna dubu wa manjano, urefu wa meta saba, ameketi na taa kichwani. Ni kazi ya Mswisi Urs Fischer, iliyouzwa mnadani New York mwaka 2011 kwa dola milioni 6.8. Wenye dakika 50 za kubadilisha ndege humpita mbio, mkanda wa suruali ungali mkononi. Istanbul ndiko haki inakotendeka kabisa: Turkish Airlines hutembeza mjini bure abiria wake wanaosubiri kati ya saa 6 na 24. Aliyelipa zaidi ili asubiri saa mbili hahusiki. (Viza ni habari nyingine, sifa zina mipaka yake.)

Viti, ndiyo, vina vyuma vya kuegemeza mikono ili mtu asijilaze. Lakini wazoefu hutandika khanga nyuma ya safu ya mwisho, karibu na soketi, kamba ya begi imezungushwa kifundoni, na hulala wakakoroma.

Tena wanaolalamika wangekuwepo Februari 1931, Imperial Airways ilipoanza kupeleka barua kutoka London hadi Mwanza. Zilipanda ndege ya nchi kavu hadi Athens, ndege ya majini hadi Aleksandria, treni hadi Kairo, ndege nyingine hadi Khartoum, kisha ya majini tena hadi Ziwa Victoria. Siku kumi hivi, na watu wakaita maendeleo.

Na mizigo je? Ripoti za SITA, kampuni ya teknolojia ya usafiri wa anga, huonyesha mwaka hadi mwaka kwamba mabegi yanayochelewa hukwama zaidi wakati wa kuhamishwa kutoka ndege moja kwenda nyingine. Begi lenye saa 11 za kuhamishwa halina udhuru. Lile la dakika 50 hubaki njiani, na mwenyewe yuko kaunta ya mizigo Terminal 3 ya Dar, anaandika kwenye fomu rangi ya begi na idadi ya magurudumu, huku nje wapwa wameshapiga simu mara tatu kuulizia viatu.