Kona za Goma na Wapenzi Wake

Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Kivu likiwa mbele yake na volkano ya Nyiragongo, yenye mita 3,470, mgongoni. Kwenye ramani, dereva anayependa kona hapati mji bora kuliko huu: Bonde la Ufa limekunja ardhi, na barabara zimekunjika nayo. Ila ramani haichori malori.

Taabu huanzia kwenye gari. Kongo huendesha kulia, lakini magari mengi ya Goma ni mitumba ya Japani yenye usukani kulia vilevile. Mlimani, dereva anayetaka kulipita lori haoni kitu isipokuwa turubai. Anayeona ni abiria wa kushoto, mara nyingi shemeji aliyeomba lifti na ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli. "Pita, shemeji, pita!" Gari likishatoka nje ya mstari: "Ngoja! Fuso iko inakuya!" Hakuna leseni inayotahini uendeshaji huu wa watu wawili.

Upande wa magharibi, kilomita 25 hivi hadi Sake hazina mengi. Kona huanza pale barabara inapogawanyika: kushoto ikifuata ziwa kuelekea Minova na Bukavu, kulia ikipanda Mushaki hadi Masisi, nchi ya ng'ombe na jibini. Kupanda huko ni kutamu wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha, lori moja huteleza na kulala kwenye kona ileile aliyoiota mpenzi wa mbio, na foleni hukaa hapo mchana kutwa. Wauza mahindi ya kuchoma hufika kabla ya fundi. Vijana wenye sepetu hutupia udongo kwenye shimo, shimo ambalo halijai kamwe, kisha husogea dirishani: "Papa, utuachie ya fanta." Papa asiyeacha kitu hugundua kwamba shimo lililobaki ni lake.

Kaskazini, barabara ya taifa namba 2 hupita Hifadhi ya Virunga hadi Rutshuru, ikakata tambarare ya Rwindi, halafu ikaparamia mteremko mkali wa Kabasha kwenda Kanyabayonga. Kwa kona, hakuna barabara ya Kivu Kaskazini inayoizidi hii. Juu yake tambarare nzima huonekana imelala chini. Lakini haina uhakika. Mei 2021 lava ya Nyiragongo iliikata karibu na Goma, na tangu waasi wa M23 waanze tena vita mwishoni mwa mwaka huo, hadi kuiteka Goma yenyewe Januari 2025, safari hufuata mstari wa mapigano. Hilo halina mzaha.

Mashariki ni Rwanda: kutoka Rubavu hadi Musanze lami imetulia, kona zimepangana, na kamera za kupima mwendo hazisinzii. Mwenye gari la mbio huwasili akiwa amelipa bima, amepanga foleni mpakani, na amepitwa na basi la abiria.

Anayezifaidi kona za Goma kwa kweli hana injini. Ni dereva wa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili chenye mpini kama pembe za ng'ombe, anayeteremka kutoka Kibumba na magunia ya makaa au viazi. Goti moja limewekwa juu ya kipande cha raba. Mguu wa pili unangoja. Kona ikikaribia, hukanyaga ulimi wa tairi kuukuu ulioning'inizwa juu ya gurudumu la nyuma, raba ikasaga raba, na moshi kidogo ukatoka. Honi hana, hupiga mluzi. Mji umemjengea sanamu yake katikati ya mzunguko mmojawapo, heshima ambayo hakuna Toyota iliyoipata. Kurudi Kibumba, chukudu ikiwa tupu, huisukuma kwa mikono kilima chote.