Shikamoo, Kombe

Mwaka 1939, katika bunge la jimbo la Maine kule Marekani, mbunge mmoja aliwasilisha muswada wa kuharamisha nyanya ndani ya chauda, ile supu nzito ya kombe, viazi na maziwa. Nyanya! Vita inanukia Ulaya, yeye kakodolea macho nyanya. Nilipohamia New Bedford, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, nilidhani hadithi hiyo ni mzaha wa kuchekesha wageni. Kisha nikamwona mwenyeji mmoja akisukuma pembeni bakuli la chauda nyekundu, ile inayopewa jina la Manhattan, kama mtu aliyetiliwa sukari kwenye urojo.

Sina haki ya kuwacheka. Mimi ni mtu wa Unguja kusini, ambako kina mama hungoja bamvua, maji yakatoka mbali, wakateremka na vikapu kuokota kombe kwenye tope. Wakirudi, kombe huchemshwa, hutolewa gambani, huoshwa mpaka mchanga ukate tamaa, halafu huungwa kwa tui, pilipili na ndimu. Basi. Hakuna aliyewahi kuuliza kama kuna namna nyingine.

Shangazi alipokuja kututembelea, mke wangu alitaka kumfurahisha. Akanunua kombe wa huku, wale wa gamba laini, ambao wenyeji huwachemsha na kuwachovya kwenye siagi. Muuza samaki akamwelekeza: walaze kwenye maji ya chumvi, gramu 30 hivi kwa lita, chumvi ya bahari yenyewe, maana maji matamu yatawaua. Wafunike, zima taa. Usiku watafunguka na kutema mchanga wenyewe. Mke wangu akafuata kila neno. Shangazi alikuwa keshalala tangu baada ya Isha, na hakuna aliyemwambia kitu.

Sasa, kombe hawa wana mkonga. Kukiwa na giza na utulivu huunyoosha nje ya gamba na kurusha maji, wala si haba. Shangazi aliamka alfajiri, akaingia jikoni bila kuwasha taa kutafuta maji ya moto ya kutawadhia. Sisi tuliamshwa na Ayatul Kursiyyu ikisomwa kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima. Tukakimbia. Shangazi kasimama ukutani, shavu limelowa, mwiko uko juu. Mke wangu alipowasha taa, kombe wote walirudisha mikonga ndani wakawa watu wema.

“Mwanangu, hivi vitu viko hai?”

“Viko hai, Shangazi.”

“Na nyie mmelala?”

Kulipokucha alitwaa sufuria na hakuirudisha. Nilimweleza kwamba kombe aliyeachama kabla ya kupikwa hugongwagongwa: akijivuta ndani ni mzima, asipojitikisa amekufa, atupwe. Shangazi akawapigia hodi mmoja mmoja. Hakupendezwa na utaratibu huo. Kwao mwenye uhai akipigiwa hodi hufungua.

Chauda ndiyo iliyoleta maafa. Tuliipika kwa maziwa ya kawaida, kwa kuwa bei ya krimu ina maneno yake. Ikaiva vizuri, nyeupe, viazi vimelainika. Mke wangu akaenda kuandaa meza. Shangazi akaonja, akatikisa kichwa kwa huruma, akakamulia ndimu mbili. Maziwa yakakatika papo hapo, yakawa madonge upande mmoja na maji upande mwingine. Na huyu ndiye mwanamke aliyetufokea utoto mzima: koroga, koroga, tui litakatika! Aliitazama ile sufuria, akatangaza kwamba maziwa ya Marekani ni dhaifu.

Tulikula hivyohivyo. Ili kuituliza hali nikasimulia habari ya kombe aliyevuliwa karibu na Aisilandi mwaka 2006. Wataalamu walihesabu mistari ya gamba lake wakamkuta ana miaka 507. Alizaliwa 1499, mwaka uleule Vasco da Gama alipopita tena Malindi akirejea kwao. Ndugu zake huvuliwa upande huu wa Atlantiki pia, hushushwa hapahapa New Bedford, na wengi huishia kwenye chauda. Shangazi akashusha kijiko.

“Kwa hiyo kombe wa chauda anaweza kuwa mkubwa kuliko mimi?”

“Anaweza.”

“Mbona hamkusema mapema? Nimemla bila kumwamkia.”

Aliyetuokoa ni jirani yetu, bibi wa Kireno aliyezaliwa visiwa vya Azores. Mji huu umejaa Wareno, na kwa maoni yangu ndio wanaojua kumstahi kombe. Wana pishi lenye jina la mshairi wao wa karne ya 19, Bulhão Pato: mafuta ya zeituni, thomu, kotmiri, ndimu, sufuria ifunikwe, kombe wakifunguka moto uzimwe. Dakika chache tu. Ukizidisha, unatafuna mpira. Mashairi ya bwana huyo hayasomwi sana siku hizi, lakini sahani yake inaagizwa kila siku. Sisi Shaaban Robert tumempa barabara na shule Dar es Salaam. Mchuzi bado.

Bibi alikuja na mfuko wa kombe na kifurushi cha kotmiri. Nilikuwa na hofu ya divai, kwa kuwa wapishi wengi huitia, nikaanza kutafuta maneno ya adabu. Hayakuhitajika. Bibi aliapa kwamba anayetia divai kwenye Bulhão Pato hakulelewa. Nilipomtafsiria Shangazi, alimshika mkono kama amempata wifi. Wakapika pamoja bila lugha hata moja ya kushirikiana, wakipokonyana ndimu, wakinifukuza kila niliposogea.

Harufu ilipopanda, Bibi aligeuka kukata mkate wa kuchovya mchuzi. Shangazi akaninong’oneza haraka:

“Tui liko wapi?”